Stripu za kupima PVY kwenye viazi mviringo: nunua, ila jua jani la kuchuma

Kwa anayezalisha mbegu ya viazi Uporoto, Makete au Njombe, stripu (kijikaratasi cha kupimia) ya PVY, yaani kirusi Y cha viazi, inastahili kuwa mfukoni wakati wa kusafisha shamba. Inasomwa kama kipimo cha mimba: mistari miwili, ng'oa shina pamoja na viazi vyake vyote. Tatizo liko kwenye mstari mmoja, ambao watu huusoma kama cheti cha usafi.

Matumizi ni mepesi. Weka kipande cha jani ndani ya mfuko wenye bafa (maji maalumu ya kupimia), sugua kwa nje na mfuniko wa kalamu mpaka maji yawe ya kijani, kisha simamisha stripu, ncha tu ndiyo iguse maji. Ukiizamisha kupita alama, rangi inasambaa na husomi kitu. Shina lenye virusi vingi hujitangaza ndani ya dakika chache. Lisilo na mstari wa pili lisubiri mpaka dakika 30. Mstari wa uthibitisho, ule unaopaswa kuonekana kila mara, usipotokea, tupa, rudia na stripu nyingine. Mara nyingi chanzo ni joto au unyevu: stripu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kopo limefungwa na kifuko cha kukaushia kimo ndani. Kifurushi kilichoshinda kwenye buti la basi kutoka Dar bila barafu, usikipokee.

Sasa huo mstari mmoja. Stripu hunasa protini ya ganda la kirusi, kwa hiyo kirusi kikiwa kichache, inapita tu. Na kiazi chenyewe hukipunguza. Kirusi kikianza kuzaliana, vimeng'enya vya mmea hukatakata RNA yake, uzi unaobeba maelekezo yake ya kuzaliana, kuwa vipande vya nyukleotidi (viungo vya uzi huo) 21 hadi 24. Protini za mmea ziitwazo Argonauti huvibeba vipande hivyo na kuvitumia kuitambua RNA nyingine ya kirusi kile kile na kuikata. Hamilton na Baulcombe, wakiwa Uingereza, ndio walioripoti RNA hizi ndogo kwenye mimea mwaka 1999. PVY haikubali kirahisi: protini yake ya HC-Pro huviteka vipande hivyo kabla havijafanya kazi. Mvutano huo haulingani kila mahali, ndiyo maana shina moja linaweza kuwa na jani lililojaa virusi na jingine lenye vichache mno. Chuma jani lenye batobato au mikunjo. Kama dalili hazipo, changanya vipande vya majani mawili matatu ya sehemu tofauti za shina hilo hilo, si ya mashina kumi ili kubana matumizi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Utafiti wa 2003 kwenye mimea jamii ya tumbaku ulionyesha kwamba kwenye nyuzi 15 ulinzi huu hulegea na RNA ndogo za kirusi hupungua sana. Joto likipanda, huimarika. Baridi ya Juni kule Kitulo inaweza kufichua ugonjwa ambao jua la Oktoba huufunika. Shamba lililopimwa kwenye joto na kuonekana safi lirudiwe.

Stripu ya PVY haisemi lolote kuhusu PVX, kirusi kingine cha viazi, na hao wawili wakikutana HC-Pro huivunja kinga na PVX huongezeka kupita kawaida. Haisomi virusi vya mjikunjo wa majani pia. Hivyo vina stripu yake, na sampuli yake ichukuliwe kwenye kikonyo na mshipa mkuu, maana hujificha kwenye mirija ya chakula. Mnyauko bakteria usiuulize kabisa hapa.

Kiazi kilicholala, ambacho hakijachipua, usikiamini kwa stripu. Kwa mbegu mama, maabara inayosoma mfuatano wa RNA ndogo ni bora mno: inatumia vile vipande ambavyo mmea umevikata, inaviunganisha na kutambua hata kirusi ambacho hakikutafutwa. Mwaka 2009 njia hiyo ilitumika kubaini virusi vya viazi vitamu. Ila ni ghali na majibu si ya siku hiyo hiyo.

Stripu ni ya mara moja, na ukipima kila shina gharama itakumaliza. Pima yale unayoyatilia shaka. Anayelima viazi vya chipsi tu, pesa hiyo ainunulie mbegu iliyothibitishwa.