Gari limekwaruzwa: rangi ipi ununue, ipi uiache dukani

Tuktuk ikikukwaruza kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa, pitisha ukucha juu ya alama kabla hujatoa pesa. Ukucha ukiteleza, kilichoumia ni klia tu, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Mkebe mdogo wa kompaundi ya kung'arishia na kitambaa laini vyatosha. Ukinasa, tafuta rangi. Bati likionekana, usingoje mwisho wa mwezi: kwa hewa yetu ya chumvi kutu huingia upesi, ikatambaa chini ya rangi nzima iliyo kando.

Nambari moja ya kununua ni rangi ya kuchanganyiwa kwa namba ya rangi ya gari lako. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha nguzo ya mlango au ndani ya boneti, baada ya herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Mililita 50 humaliza madoa mengi. Duka likikataa kuuza chini ya robo lita, changa na jirani mwenye rangi hiyo. Nyeupe na fedha hapa mjini hazikosi mwenzake. Ijaribu kwenye kipande cha bati, ikauke, kisha uilinganishe na gari nje, mchana. Gari lililopigwa jua miaka kumi halifanani tena na namba yake. Chukua pia praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu, klia, na msasa namba 600 na 2000. Wenye 070, nyeupe ya lulu, wajue ina tabaka tatu: kidoa utakiziba, mkwaruzo mrefu mpelekee fundi.

Kalamu ya rangi yenye namba hiyohiyo inafuata. Yafaa madoa ya kokoto kwenye boneti, ila brashi yake ni nene mno. Tumia kijiti cha meno.

Kopo la rangi ya kupuliza ni la tatu, na hasa kwa bampa, ambayo ni plastiki na yataka praima yake. Siku yenye unyevu mwingi klia hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa kuwa thina, kiyeyusho cha rangi, ikiruka hupoza uso na mvuke ukaganda juu yake. Klia yenye hadina (dawa ya kuigandisha) usiipulize nyumbani, mvuke wake huharibu mapafu.

Kalamu za bei ya chee zinazodai kufaa rangi zote ziache hapo hapo. Hung'arisha tu, na sabuni huziondoa.

Fanya kazi kivulini, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Bati la moto hukausha rangi kabla haijatulia. Osha chumvi kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), kausha, futa kwa spiriti (thina itakula klia). Kwangua kutu yote kwa pembe ya msasa 600, tia tone la praima, ngoja nusu saa. Rangi iwe mipako miwili au mitatu myembamba, dakika 20 kati yake, halafu klia mpaka ivimbe kidogo juu ya usawa. Mpako mmoja mnene hukauka juu, chini ukabaki mbichi, kisha ukabonyea. Baada ya wiki moja sawazisha kwa msasa 2000 uliolowa, umalize kwa kompaundi.