Vikwazo vya nchi nzima au vya watu mahususi?

Mimi nasimama na vikwazo vinavyolenga watu. Vile vya nchi nzima tuliviona Iraq: azimio 661 la Baraza la Usalama, Agosti 1990, lilifunga karibu biashara yote. Dawa ziliruhusiwa kwenye karatasi, lakini klorini ya kusafishia maji ilikwama kwenye kamati ya Baraza iliyosimamia vikwazo, kwa hofu kwamba ingetumika kijeshi. Watawala hawakulala njaa. Walioumia ni raia, na mpango wa mafuta kwa chakula, ulioiruhusu Iraq kuuza mafuta ili inunue chakula na dawa, ulianza kazi Desemba 1996 tu.

Vikwazo vya kulenga hufungia akaunti na kuzuia safari za waliotajwa. Udhaifu upo, tena mkubwa. Mali huhamishiwa kwa mke au mpwa kabla orodha haijatoka. Marekani huzuia kampuni ambayo waliowekewa vikwazo wanamiliki asilimia 50 au zaidi, basi wao hushusha hisa hadi 49. Halafu majina: Mohamed, Muhammad, Mohammed. Orodha isipokuwa na tarehe ya kuzaliwa wala namba ya pasipoti, benki huzuia fedha za mtu asiyehusika kabisa. Aliyewekwa kwenye orodha kimakosa angalau ana mlango wa rufaa: kwa orodha ya Al-Qaida, Umoja wa Mataifa uliunda ofisi huru ya kupokea maombi ya kufutwa jina mwaka 2009.