Kikokotoo cha futi na inchi: tathmini ya Construction Master Pro kwa fundi wa kwetu

Michoro mingi ya nyumba inayofika kwenye maeneo yetu ya ujenzi imeandikwa kwa milimita, ilhali mbao huuzwa kwa inchi na futi, misumari huulizwa kwa inchi, tofali hutajwa kuwa la inchi 5 au la inchi 6, na fundi anayekabidhiwa mchoro huo husoma upande wa tepu uliogawanywa kwa inchi. Kugeuza vipimo ni sehemu ya kazi ya kila siku, na ndiyo maana kikokotoo cha Construction Master Pro kinastahili kutazamwa kwa makini. Kinatengenezwa na kampuni ya Calculated Industries ya Carson City, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, kwa ajili ya mafundi wa nchi ambayo hadi leo hujenga nyumba zake kwa futi na inchi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi katika hesabu hizi ni la nukta. Mtu anapima uwazi wa dirisha, anapata futi 8 na inchi 11, kisha anaandika 8.11 kwenye kikokotoo cha simu na kuendelea kuzidisha bila wasiwasi. Futi ina inchi 12, kwa hiyo inchi 11 ni futi 0.9167, na kipimo halisi ni futi 8.9167, sawa na sentimita 271.78. Aliyeandika 8.11 anapata sentimita 247.19, na fremu ya chuma itakayochomelewa kwa kipimo hicho itapwaya ukutani kwa karibu sentimita 25. Chuma kimeshakatwa, rangi imeshapakwa, na mteja ndiye anayeumia.

Construction Master Pro inaziba mwanya huo kwenye vitufe vyenyewe. Unabonyeza 8 kisha kitufe kilichoandikwa Feet, 11 kisha Inch, na kama kuna nusu inchi unaongeza 1, mkwaju (/), 2. Kioo kinaonyesha kipimo kama fundi anavyokitamka, bila desimali yoyote. Unaweza kujumlisha, kutoa, kugawa na kuzidisha vipimo vya namna hiyo moja kwa moja, na ukitaka mita unabonyeza Conv kisha m. Mageuzi hayo ni sahihi kabisa, kwa kuwa tangu mapatano ya mwaka 1959 baina ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa, futi imekuwa mita 0.3048 na inchi milimita 25.4, bila mabaki.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni kwenye sehemu za inchi. Kikitoka kiwandani, kikokotoo hiki hukadiria hadi sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ambayo ni takriban milimita 1.6, na unaweza kukipanga kikadirie kwa nusu inchi au kwa sehemu ndogo kama moja ya sitini na nne. Chukua ngazi inayopanda mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu. Ukiingiza kimo hicho na kubonyeza Stair, kikokotoo kinakupa vipandio 16 vyenye kimo cha inchi 7 na 3/8 kila kimoja. Upana wa kukanyagia ambao kimepangiwa ni inchi 10, na kwa kuwa sehemu za kukanyagia ni 15, ngazi itachukua futi 12 na inchi 6 za sakafu. Hesabu ambayo wengi wetu huifanya kwa kubahatisha na kisha kusawazisha kipandio cha mwisho kwa zege la ziada inakamilika kabla mbao za kufungia hazijakatwa. Hata hivyo, inchi 7 na 3/8 mara 16 ni inchi 118 kamili, wakati mita 3 ni inchi 118.11, hivyo fundi anayepima kipandio kimoja baada ya kingine atapungukiwa na milimita 2.8 atakapofika juu. Namshauri apige alama zote akianzia sakafuni, milimita 187.5, 375, 562.5 na kuendelea, badala ya kuhamisha tepu kila mara.

Kwenye paa ndipo kifaa hiki kinaponifurahisha zaidi. Ukitaja kimo cha paa, tuseme futi 6, pamoja na nusu ya upana wa nyumba, tuseme futi 14, kitufe cha Diag kinakupa urefu wa upande ulioinama wa kenchi: futi 15, inchi 2 na 3/4, ambazo ni mita 4.64. Urefu huo ni kabla ya kuongeza kitakachochomoza nje ya ukuta. Hapohapo unaweza kuamua namna ya kupanga mabati, na hapa natoa tahadhari kwa wanaonunua kwa mazoea: bati la mita 3 linaloitwa la futi 10 ni pungufu kwa sentimita 4.8, na mabati mawili yakiunganishwa kwa urefu, upungufu ni karibu sentimita 10, kiasi kinachoweza kumaliza sehemu yote uliyoitenga kwa ajili ya kulaliana.

Kwa eneo na ujazo, kikokotoo hutambua chenyewe kwamba futi mara futi ni futi za mraba. Jamvi la zege la futi 20 kwa 12 lenye unene wa inchi 4 linatoka kuwa futi za ujazo 80, kisha mita za ujazo 2.27, bila mtu kuhangaika kugeuza ile inchi 4 kwanza. Kwa mnunuzi wa kiwanja nchini Kenya, ambako ploti ya 50 kwa 100 mara nyingi hutangazwa kuwa thumni ya eka, hesabu hiyohiyo ina faida: futi za mraba 5,000 ni mita za mraba 464.5, ilhali thumni ya eka ni futi za mraba 5,445. Tofauti ya mita za mraba 41 ni vyumba vitatu vya kulala vya wastani.

Upungufu wake kwetu unatokana na nchi ilikozaliwa. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na baadhi ya vitufe vimelenga biashara ya mbao ya Marekani, ambayo hupima ujazo wa mbao kwa kizio kisichotumika madukani kwetu. Aidha, bei yake ni kubwa mno kwa mtu anayegeuza vipimo mara mojamoja. Huyo anatosheka na kikokotoo cha wanafunzi chenye kitufe cha sehemu, kama Casio fx-82MS: aandike 8, sehemu ya 11 juu ya 12, azidishe kwa 30.48, atapata sentimita 271.78 zilezile. Fundi dirisha atatosheka na tepu yenye pande mbili, mradi asome upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Kwa fundi wa paa na ngazi, au msimamizi anayetafsiri michoro ya milimita kwa mafundi wanaofikiri kwa futi, ningependekeza aanze na programu ya simu ya kikokotoo hiki, yenye vitufe vilevile, aizoee kwenye kazi moja ya kenchi, ndipo aagize kifaa chenyewe. Vumbi la saruji na mikono yenye unyevu haviendani na kioo cha simu, na kifaa hiki kina kifuniko kigumu cha kukilinda kinapokaa kwenye mfuko wa vifaa pamoja na nyundo.