Mwaka wa pili na Graphic Styles za Illustrator, uzoefu wangu kwenye kuseivu mapambo ya maandishi

Kazi zangu nyingi ni mabango na vipeperushi, na kitu kinachokula muda kuliko vyote ni lile neno kubwa la juu. Mteja anataka rangi kali, mstari mweupe kuzunguka herufi, kivuli kizito nyuma, unamtengenezea anafurahi, alafu wiki ijayo anakuja na bango lingine anakwambia fanya kama lile la kwanza. Zamani nilikua nafungua faili la zamani nakopi neno napesti naanza kubadilisha herufi, na kama nilishaligeuza neno kuwa mchoro basi hamna cha kubadilisha hapo, naanza upya na kukisia kwa macho kile kivuli nilikisogeza kiasi gani.

Sasa hivi natumia Graphic Styles ndani ya Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora, na kusema ukweli nimechelewa sana, maana kitu chenyewe kipo tangu toleo la 9 la mwaka 2000. Yaani pambo lote unaliseivu kama mtindo mmoja, kesho unachagua neno lingine unabofya mara moja tu linavaa kila kitu, na bado ni maandishi ya kawaida, ukikosea herufi unafuta unaandika tena na pambo linafuata lenyewe. Hiyo peke yake kwangu inatosha.

Ila kuna jambo ukiliruka hapa utaona haifanyi kazi vizuri: usipake rangi kwenye herufi zenyewe. Andika neno, toa rangi ya ndani na ya mstari mpaka neno lisionekane kabisa, ndo ufungue paneli ya Appearance, ile inayoorodhesha rangi, mistari na efekti za neno, kwa Shift+F6 uanze kuongeza vitu humo. Rangi ya ndani mpya, mstari mpya, na mstari mwingine mnene zaidi unauburuta ukae chini ya mwenzake. Kwa kivuli mi situmii kile cha ukungu, naongeza rangi nyingine ya ndani naiburuta chini kabisa, naipa efekti ya Transform isogee nusu pointi kulia na nusu pointi chini, kopi 30, hapo neno linapata unene kama limechongwa kwenye mbao. Ukiridhika shika Alt ubofye kitufe cha mtindo mpya kwenye paneli ya Graphic Styles, ambayo ni Shift+F5, linakuja dirisha la kuandika jina.

Na hapo hujamaliza! Mtindo unakaa ndani ya faili hilo hilo tu. Mimi nilitengeneza mitindo sita siku nzima, kesho nafungua faili jipya sioni hata mmoja, nikaumia kweli kabla sijajua ipo kwenye faili la jana. Kwenye menyu ya paneli kuna Save Graphic Style Library, ukiseivu huko mitindo yako utaikuta kwenye User Defined kila faili utakalofungua.

Kilichonishika zaidi ni Redefine. Nilikua na kijitabu chenye vichwa 14 vyote vya mtindo mmoja, mteja akasema ile bluu hapana, weka kijani. Nikabadilisha kichwa kimoja, nikaenda menyu ya Appearance nikabofya Redefine Graphic Style, vyote 14 vikageuka hapo hapo. Nilikaa naangalia skrini tu.

Mtindo haubebi fonti wala saizi, hivyo unaviseivu pembeni kwenye Character Styles. Na ukiuweka kwenye neno lenye rangi yake hakikisha Override Character Color ina tiki, la sivyo rangi ya zamani inabaki. Vivuli vya ukungu navyo vinafuata rezolusheni ya faili, kwahiyo mtindo mzuri kwenye faili la nukta 300 kwa inchi ukiupeleka kwenye faili la nukta 72 kivuli kinatoka na vipunje, angalia Document Raster Effects Settings kabla ya kuchapa.

La mwisho ni vipimo. Mstari wa pointi 8 utabaki pointi 8 hata neno liwe dogo vipi, ukichukua mtindo uliojengwa kwenye herufi za pointi 90 ukauweka kwenye herufi za pointi 20 mistari inameza herufi zote. Kwahiyo nimejizoesha kuandika saizi kwenye jina la kila mtindo, mfano njano-mnene-90. Nikitaka kichwa kidogo naandika neno kwa 90 kwanza, naweka mtindo, nahakikisha Scale Strokes & Effects imewashwa kwenye Preferences, ndo nalipunguza kwa kuburuta kona na linashuka na mistari yake yote.