Miro kwa warsha za mtandaoni: hata mkimya anasikika

Timu yetu ya usanifu wa programu imetawanyika Dar, Mwanza, Nairobi na Kigali, na warsha zetu naziendesha kwenye Miro, ubao wa mtandaoni ambao watu wengi wanauandikia kwa pamoja. Nitaendelea kuulipia kwa sababu moja kubwa: unampa nafasi mtu asiyependa kuongea mbele ya watu.

Kwenye simu ya video, bosi akishasema "mimi naona hivi", wengine wote wanamfuata. Miro ina hali ya faragha. Kila mtu anaandika kwenye vikaratasi vyake vya kidijitali, wenzake hawaoni alichoandika mpaka mwendeshaji afungue. Naweka dakika saba, maikrofoni zote zinazimwa, kimya. Nikifungua, wazo la dada wa huduma kwa wateja limekaa sambamba na la mkurugenzi. Tulipokuwa tunapanga upya fomu ya usajili, kikaratasi cha dada huyo kilisema: "Wateja wanakwama kwenye namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), hawaikumbuki kichwani." Ndicho kilichozoa kura, na hatua hiyo tukaisogeza mwisho wa fomu. Kura nazo zinapigwa palepale ubaoni, na za mwenzako huzioni mpaka zoezi lifungwe. Hapo ndipo nilipoupenda kabisa.

Ila ubao peke yake hauendeshi warsha. Andaa fremu moja, yaani eneo lake ubaoni, kwa kila zoezi, zipe namba, kisha funga vichwa vyake visiburutwe. Tuma linki jana yake na zoezi jepesi, kama kila mtu kuandika alichokunywa asubuhi, ili siku yenyewe watu wawe wameshazoea kuburuta vikaratasi. Mwaliko uandike saa zote mbili, maana saa nne ya Dar ni saa tatu ya Kigali. Aliye kwenye simu usimlazimishe kuhangaika na kioo kidogo. Atume mawazo yake WhatsApp kwa msaidizi wako, ayabandike.

Bei sasa. Kifurushi cha bure kinakupa mbao 3 tu za kuhariri, na hali ya faragha na kura ni vya kulipia, tena malipo yanahesabiwa kwa kila mwanatimu. Kama bajeti haipo, watu waandike kwanza kwenye daftari, kisha wote wabandike kwa mpigo.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano inasubiri bei ya timu ndogo kama zetu.