Wawezeshaji wa mikutano ya malisho na ardhi Mwanza, nawapa nyota tatu na nusu

Kama kijiji chenu kina ugomvi wa malisho na mnataka kukaa chini mpange matumizi ya ardhi, hii timu ndogo ya hapa Mwanza mjini (jina nicheki inbox) inafaa, ila msiwaachie wapange kila kitu wenyewe. Sisi ni kikundi cha wafugaji upande wa Kwimba, tuliwachukua sababu ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye ngitili ya kitongoji (eneo la malisho linalofungwa mpaka kiangazi) kila kukicha na ukiuliza mpaka uko wapi kila mzee anakuonyesha mti wake.

Kilichonikosha, hawakuanza na sisi viongozi. Walianza na vijana wanaochunga, halafu akina mama wanaokata kuni, kila kundi peke yake, wanachora ramani chini kwa majivu na vijiti, wazee wakafuata mwisho. Aisee ramani ya wale vijana ilikuwa na mambo mwenyekiti hajawahi kuyasikia, mapito ya usiku, lambo linalokauka mapema kuliko tunavyoandika kwenye taarifa, na kipande cha mbuga (udongo mweusi mzito wa bondeni) kinacholimwa mpunga kimyakimya na watu ambao kwenye mkutano ndo wa kwanza kuongelea uhifadhi haha. Kwenye mkutano mkubwa hayo yasingetoka, mbele ya baba mkwe nani atasema?

Halafu mmoja wao anaongea Kisukuma kabisa, anajua luseni, ardhi ya kichanga, ni ipi na mbuga ni ipi, wazee wakamwelewa palepale. Akawapa na mfano wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kule Shinyanga, ule mradi wa 1986 hadi 2004. Miti ilikuwa imefyekwa tangu enzi za mkoloni kufukuza mbung'o, baadaye yakaja mashamba ya pamba, ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu, mradi unaisha zimepita hekta 300,000. Na hawakufika huko kwa kugawa miche tu, walirudi kwenye utaratibu wa Wasukuma wenyewe: mvua zikianza unafunga eneo, kiangazi majani yakiisha kwingine unafungua, anayevunja anaitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi, anapigwa faini. Wazee wetu waliposikia dagashida wakakaa vizuri kwenye viti, maana hilo wanalijua kuliko mtaalamu yeyote.

Sasa mabaya. Kikao cha kuhitimisha wakakipeleka hotelini mjini, kiyoyozi, projekta, sato wa kukaanga (sato alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo). Waliokuja ni wale wanaoweza kuacha ng'ombe nyumbani, yaani viongozi, watendaji na mimi, kijana wa kuchunga hata mmoja hakuna, mama mmoja tu, na hapo ndo tukapanga tarehe ya kufungua ngitili! Tarehe yenyewe ikawa mapema mno, tuliporudi mkutano mkuu wa kijiji ukaitupa, na hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Hela ya ukumbi na posho ikaenda hivo. Kikao kilirudiwa chini ya mwembe karibu na lambo, na tarehe waliyokubaliana pale ndo inayofuatwa mpaka leo.

Ripoti nayo ikaja ya Kiingereza, ndefu, mtendaji kaifungia kabatini. Ramani ikabaki kwenye laptop yao, tumepiga simu sana ndo ikaja.

Bei yao inaongeleka, ila mkikubaliana muandike kabisa kwenye mkataba: vikao vyote vifanyike kijijini, jioni ng'ombe wakishanyweshwa, ripoti iwe ya Kiswahili, na ramani ichapwe kwenye turubai ibaki ofisi ya kijiji. Hela ya hotelini inatosha kuchapa hiyo turubai na chenji inabaki.