Saa ya tatu ndiyo inayouma: wapi pa kununua mwendelezo uliogawa mashabiki

Lalamiko ni lilelile kila mara. Gemu limesubiriwa miaka sita, minane, kumi na mitatu. Limetoka, mtu kalinunua usiku uleule, kacheza saa mbili kwa furaha ya mtoto wa sikukuu. Saa ya tatu mambo yanageuka. Anaomba hela yake, duka linamjibu muda umepita. Kesho yake anaingia kwenye mabishano ya mashabiki na hasira mbili, ya gemu na ya pochi.

Ubora wa picha, urefu wa hadithi, ukubwa wa ramani: hayo utayasoma popote, hapa hayapimwi. Kinachopimwa hapa ni kitu kimoja. Lile jambo wanalogombania mashabiki hujitokeza kabla au baada ya kufungwa mlango wa kurudishiwa hela, ambao Steam na Epic, maduka ya mtandaoni ya magemu ya kompyuta, huufunga ukifikisha saa mbili za kucheza? Kwenye miendelezo mingi hujitokeza baada. Saa mbili za mwanzo ndizo zinazomkaribisha shabiki wa zamani: muziki anaoujua, silaha aliyoizoea, sura alizozikosa miaka yote. Hapo ni nani atakayelalamika?

Chukua Hollow Knight: Silksong, lililotangazwa Februari 2019 likatoka tarehe 4 Septemba 2025. Ugomvi wake ni ugumu. Hornet, mhusika unayemchezea, anaanza na barakoa tano za uhai, na maadui wengi wanachukua mbili kwa pigo moja. Piga hesabu: mapigo matatu, umekufa. Ukifa unarudi kwenye benchi, mahali pa kupumzikia na kuhifadhi safari, na baadhi ya benchi hizo hazifunguki ukazikalia mpaka ulipe rozari, ambazo ndizo sarafu za humo ndani. Safari ya kutoka benchi hadi kwa Last Judge, bosi (adui mkuu) wa eneo la Blasted Steps, imechosha watu kuliko pambano lenyewe. Lakini Moss Grotto, unakoanzia, ni laini. Anayehukumu gemu kwa eneo hilo hajakutana na kinachobishaniwa. Angalia pia tarehe ya lalamiko. Sasisho la kwanza lilipunguza makali ya mabosi wawili wa mapema, Moorwing na Sister Splinter, likashusha kidogo na bei za baadhi ya benchi. Kilio cha wiki ya kwanza kuhusu hao wawili si kilio cha gemu unalonunua leo. Cha Last Judge na mapigo ya barakoa mbili bado ni chako.

Dragon's Dogma 2 lilitoka tarehe 22 Machi 2024, miaka 12 baada ya la kwanza. Porini mwendo wa fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, unatosha. Ingia Vernworth, mji mkubwa, uone fremu zinavyoporomoka. Hapo kinachozidiwa ni prosesa, si kadi ya grafiki, kwa kuwa gemu linakokotoa mambo ya kila mkazi aliye karibu nawe. Ndiyo maana kushusha ubora wa picha hakukusaidii sana mjini: unampunguzia mzigo asiyeubeba. Wapo wachezaji waliogundua kwamba wakiwaua wakazi fremu zinapanda. Tiba ya ajabu, hasa kwenye gemu lenye nafasi moja tu ya kuhifadhi safari yako.

Cities: Skylines II, la Oktoba 2023, lina ugonjwa wa ukoo huohuo. Kamji kadogo kanakwenda vizuri. Wakazi wakikaribia laki moja kompyuta inaanza kuhema, na hakuna anayefika laki moja ndani ya saa mbili. (Wadadisi walipofungua modeli za wakazi walikuta kila mmoja amechongewa meno kamili, yaliyokuwa yakichorwa hata ukiwa umepanda juu kama ndege. Meno!)

Metroid Prime 4: Beyond lilitangazwa 2017, kazi ikaanzwa upya 2019, likafika Desemba 2025. Linalogombaniwa ni jangwa la Sol Valley, unalolikata kwa pikipiki huku ukiokota fuwele za kijani. Jangwa hilo halikupokei mlangoni, na uchovu wa fuwele wengi wameuhisi karibu na mwisho.

The Last of Us Part II ni kesi ya peke yake. Pigo la kwanza la hadithi linakuja mapema, lakini kilichowagawa watu zaidi ni nusu ya pili, unapolazimika kumchezea mhusika mwingine, Abby, kwa saa nyingi. Lilitoka tarehe 19 Juni 2020, na alama za watu kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za magemu, zikaporomoka siku ileile, wakati gemu lenyewe linakula zaidi ya saa 20. Hao hawakuwa wamelimaliza. Baadaye Metacritic waliweka ngoja ya saa 36 kabla ya mtu kuruhusiwa kutoa alama. Alama za wiki ya kwanza, nzuri au mbaya, usizitegemee kwa lolote.

Usomee wapi basi? Ukurasa wa maoni wa Steam unakuruhusu kuchuja kwa saa alizocheza mtu, kwa lugha na kwa tarehe. Chagua maoni hasi peke yake, saa 10 kwenda juu, ya mwezi mmoja uliopita. Mtu aliyecheza saa 40 na bado analalamika anajua anachokisema, na mara nyingi atataja mahali penyewe kilipomkuta. Chujio la lugha usilipuuze. Silksong lilipotoka, wachezaji wa Kichina walilipatia alama za chini sana kwa sababu ya tafsiri mbovu, huku wa Kiingereza wakilisifu. Asiyesoma Kichina hakuwa na sababu ya kuogopa.

Sasa maduka, kwa mpangilio wa nani anakuacha uione saa ya tatu.

1. GOG

Upendeleo haufichwi: likipatikana GOG, duka jingine la mtandaoni la magemu ya kompyuta, nunua GOG. Una siku 30 za kurudishiwa hela hata kama umelipakua, umelifungua na umelicheza. Hakuna kikomo cha saa mbili. Wakiona unaichezea shere huruma yao wanaweza kukataa, na hilo ni haki. Zaidi ya hapo unapakua faili la kusakinishia na kuliweka kwenye diski yako ya nje. Gemu halikuombi ruhusa ya mtandao ili likufungukie. Hata sasisho likikuharibia gemu, kama ulihifadhi faili la toleo la nyuma unarudi nalo.

Silksong lipo, Baldur's Gate 3 lipo. S.T.A.L.K.E.R. 2 nalo lipo, na hilo ndilo mfano bora wa faida ya siku 30. Lilipotoka Novemba 2024, mashabiki waligawanyika juu ya A-Life, mfumo unaopaswa kuwafanya viumbe wa eneo zima waishi maisha yao hata usipowaona. Badala yake maadui walikuwa wakizuka karibu na mgongo wako. Hilo hulitambui siku ya kwanza. Unalitambua ukirudi mara ya nne pale ulipokwisha kupasafisha.

Kasoro ya GOG si ya GOG. Wachapishaji wakubwa hawapeleki magemu yao huko, au huyapeleka yakiwa yamezeeka.

2. Diski au kadi yenye gemu zima ndani

Usipolipenda, unaliuza. Hakuna fomu, hakuna saa. Wauzaji wa mkono wa pili hujaa wiki chache baada ya gemu lenye ugomvi kutoka, kwa hiyo mvumilivu ananunua kwa aliyekata tamaa. Karatasi za msimbo wa zawadi zinatumika mara moja, kwa hiyo usilipie nyongeza kwa boksi lililokwisha kufunguliwa.

Ila fungua macho. Kwenye Switch 2, mashine ya Nintendo, kuna kadi zinazobeba ufunguo tu. Gemu lenyewe unalipakua. Boksi lina onyo upande wa mbele, sehemu ya chini, lisome. Kadi hiyo unaweza kuiuza, lakini siku seva zikizimwa umebaki na kipande cha plastiki. Wapo pia wanaouza boksi lenye karatasi ya msimbo pasipo diski wala kadi. Huko ni kuuza kasha la saa bila saa, na aliyebuni biashara hiyo alijua fika kwamba mama na baba wanaonunua zawadi hawasomi maandishi madogo. Alan Wake 2 angalau halikudanganya mtu: lilitoka Oktoba 2023 bila diski kabisa, diski ikaja mwaka mmoja baadaye.

3. Steam

Siku 14 tangu kununua, na chini ya saa mbili za kucheza. Hizo saa mbili zinahesabiwa tangu programu inapofunguka. Menyu inahesabiwa. Kutengeneza uso wa mhusika kunahesabiwa. Kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), ule mstari unaojaa taratibu kabla hujagusa chochote, kunahesabiwa, na The Last of Us Part I lilipofika kwenye kompyuta mwaka 2023 kazi hiyo peke yake iliwalia watu wengi zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo:

Sasisha dreva za kadi ya grafiki kabla ya kufungua gemu, kwa sababu ukizibadilisha katikati sheda huandaliwa upya. Funga kila programu nyingine inayokula prosesa. Chagua mpangilio wa picha wa kati mara moja na usiuchezee. Likitolewa toleo la bure la kutengenezea mhusika, kama Capcom walivyofanya kwa Dragon's Dogma 2, malizia uso huko; huo muda hauingii kwenye hesabu ya gemu. Kisha usitalii. Kimbilia penye ugomvi: kama malalamiko ni ya mjini, nenda mjini. Ikifika saa moja na nusu, funga, amua.

Zamani palikuwa na mwanya. Aliyenunua toleo la bei ya juu ili aingie siku kadhaa kabla ya wengine alicheza saa zisizohesabiwa. Aprili 2024 Valve, wenye Steam, waliuziba. Si kosa lao kuuziba; kero ni hao wachapishaji wanaoziuza siku tatu kama bidhaa. Gemu limekwisha kutengenezwa, limekaa kwenye seva, na mtu anauziwa haki ya kutosubiri baada ya kusubiri miaka kumi. Kisha yeye ndiye anayekutana na toleo bovu kuliko yote, lisilo na masasisho, kwa bei kubwa kuliko wote. Ongeza kofia ya dhahabu ya farasi na muziki ambao utausikia ndani ya gemu hata hivyo. Anayenunua mwendelezo wenye utata hana sababu hata moja ya kugusa toleo hilo.

Ukinunua gemu lililoandikwa kwamba bado linajengwa, sheria ni zilezile lakini hatari ni kubwa zaidi. Kerbal Space Program 2 lilianza kuuzwa hivyo Februari 2023, studio yake ikafungwa 2024, na ahadi kubwa za safari za nyota zilibaki kwenye picha za tangazo. Nunua kilichomo leo.

4. Epic na duka la Microsoft

Epic ni siku 14 na saa mbili kama Steam, bila maoni ya wachezaji ya kusoma kwa kina. Microsoft wanasema siku 14 na usiwe umecheza kwa muda mrefu, wao ndio wanaoamua mrefu ni upi.

5. PlayStation Store

Siku 14, ila ukianza tu kulipakua haki imekwisha. Maana yake hujaribu chochote. Ukiagiza mapema, zima upakuaji wa kiotomatiki kwenye mipangilio ya kifaa, la sivyo kitalishusha chenyewe ukiwa umelala na kukufungia mlango kabla hujaamka. Hapa diski inashinda kwa mbali, na asiye na kisomadiski ajiulize alichookoa.

6. Nintendo eShop

Ukishalipa na gemu limetoka, usitegemee kurudishiwa. Metroid Prime 4 lichukue la kadi.

Kuhusu bei ya chini: funguo za mitaani (misimbo ya kufungulia gemu) zinazouzwa kwa bei ya kutupa hazirudishwi, na zilizonunuliwa kwa kadi ya benki ya wizi zinaweza kufutwa ukiwa katikati ya gemu. Anayelipia tayari Game Pass, usajili wa magemu wa Microsoft, aanzie humo kwa Silksong, ambalo liliwekwa tangu siku lilipotoka. Huyo orodha hii haimhusu.